Daftari la Umma ni Amana ya Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfunza binadamu kwa kalamu mambo asiyoyajua. Rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baadu.

Ndugu msomaji, iko dhulma ambayo watu huiona kwa macho, kama vile mtu kunyang'anywa ng'ombe wake au kupigwa njiani. Na iko dhulma nyingine isiyo na kelele: mwenye kudhulumiwa hurejea kwake kwa miguu yake mwenyewe, na aliyemdhulumu hubaki kitini pake ametulia. Dhulma hiyo ni kumficha mtu maandiko yaliyo na haki yake. Mtu aendapo ofisini akaomba kuoneshwa yaliyoandikwa juu ya shamba lake, au mtoto wake, au fedha alizotozwa yeye na wenzake, je, aombalo ni hisani au ni haki? Na karani alishikaye daftari lile akikataa kulifunua, je, ameacha kutenda wema tu, au ametenda dhulma? Hilo ndilo swali la waraka huu.

Mfano wetu tumeutwaa mbali na pwani, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kule ambako Tanzania yapakana na Rwanda na Uganda. Msomaji wa pwani asiidhani nchi ile kuwa ngeni kwake. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange palipokuwa na makao ya wafalme wa Karagwe, katika njia ya misafara itokayo Unyanyembe kwenda Buganda. Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kumtangulia. Na wengi katika watu wale wa misafara walikuwa wameacha nyuma yao, Unguja, hati za deni walizozitia mikono yao, nao walijua ya kuwa karatasi ndogo yaweza kumfunga mtu maisha yake yote.

Wenyeji wa Karagwe hawakuhitaji karatasi kwa mambo yao. Mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba, ulijulikana kwa mimea iliyopandwa mpakani, na kwa majirani walioshuhudia siku ya kupandwa. Daftari lao lilikuwa vichwani mwa wazee. Yako mengi ya kusemwa juu ya udhaifu wa daftari la namna hiyo: mzee husahau, mzee hupendelea ukoo wake, mzee hufa. Lakini lilikuwa na sifa moja kubwa. Mzee alikaa barazani, na kila mwenye haja aliweza kumwendea na kumwuliza, na akisema uwongo majirani walimsikia.

Kisha yakaja maandiko. Wakaja Wajerumani na madaftari yao, wakaja Waingereza na yao, na mabwana shauri wa Bukoba wakaandika vitabuni khabari za machifu na za koo. Baada ya uhuru machifu wakaondolewa kwa sheria mwaka 1963. Desturi ya nyarubanja, ambayo kwayo mkulima aliishi juu ya ardhi ya bwana wake na kumtolea haki zake, ikapigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1965. Ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, nayo ikaagiza kila kijiji kiwe na daftari la ardhi yake, litunzwe na Mtendaji wa Kijiji, na mwenye shamba aweze kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ikakatwa kutoka Karagwe. Karagwe ikabaki na makao yake Kayanga, na Kyerwa ikapata yake Rubwera. Katika hesabu ya watu ya mwaka ule, kila moja ya wilaya hizo mbili ilikuwa na watu zaidi ya 300,000.

Hatusemi kwamba maandiko ni mabaya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, ni aya ya kuamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika, na mashahidi wasikatae waitwapo. Lakini tazama lililotukia. Zamani shahidi alikuwa mzee wa barazani. Leo shahidi ni daftari, na daftari limetiwa kabatini, na kabati lina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Shahidi wa sasa ana kumbukumbu njema kuliko yule wa kwanza, lakini hawezi kusema mpaka mtu mwingine ampe ruhusa.

Sasa na tupige mfano kama wapigavyo mafakihi. Zaidi ni mkulima wa Nkwenda, katika Kyerwa, mwenye kibanja cha migomba na mibuni alichorithi kwa baba yake. Amri ni jirani yake, mwenye mali na marafiki. Amri ameng'oa mimea ya mpaka, akaipanda hatua thelathini ndani ya kibanja cha Zaidi. Zaidi akashitaki. Watu wa baraza wakamwambia, Lete ushahidi. Akasema, Ushahidi wangu ni daftari la kijiji, liliandikwa na baba yangu akiwapo. Akaenda ofisini. Siku ya kwanza akaambiwa mtendaji yuko safarini. Siku ya pili akaambiwa ufunguo hauonekani. Siku ya tatu akaambiwa, Kwani wewe wataka daftari la nini, wataka kuleta fitina? Siku ya nne hakwenda, maana kahawa yake ilikuwa ikianguka chini. Baraza likakaa, Zaidi hakuwa na ushahidi, akashindwa.

Tazama, ewe msomaji, ni nani aliyemdhulumu Zaidi. Utasema ni Amri. Na ni kweli. Utasema ni baraza. Lakini baraza lilifuata kanuni ambayo hapana aipingaye, ya kwamba mwenye kudai ndiye wa kuleta ushahidi. Basi kanuni iliyo sahihi imezaa hukumu iliyo batili, na sababu yake ni nini? Sababu yake ni kwamba kanuni ile ina sharti lililofichika ndani yake, ambalo watu wa zamani hawakuwa na haja ya kulitaja. Sharti lenyewe ni kuwa ushahidi uwe mahali ambapo mdai aweza kuufikia. Ukimwambia mtu, Lete shahidi wako, na hali wewe umemfungia shahidi yule chumbani, hukumtaka ushahidi, umemdhihaki.

Kwa hiyo twasema: daftari la umma si mali ya karani, wala si mali ya mtendaji, wala ya mkurugenzi, wala hata ya serikali kwa maana ya kuwa yaweza kulitumia ipendavyo. Ni amana. Na amana ina hukumu tatu ambazo kila mtu wa pwani azijua tangu chuoni: ihifadhiwe isipotee, isitumiwe kwa manufaa ya mwenye kuishika, na irejezwe kwa mwenyewe aitakapo. Mwenye kuacha moja katika hizi tatu amefanya khiyana, hata akiwa hakula senti moja.

Ikiwa mtu atauliza, Je, ikiwa aombaye ni mtu mkorofi, au ni wa chama kisichopendwa na wakubwa? Tutamjibu kwa jambo lijulikanalo na kila mtoto aliyesoma sira. Mtume wetu alipohama Makka, Makureshi walikuwa wakitaka kumwua, na huku wamewekesha mali zao kwake. Hakusema, Hawa ni adui zangu. Alimwacha Ali nyuma ili amrudishie kila mtu amana yake. Ikiwa amana ya mwenye kutaka kukuua hurudishwa, itakuwaje amana ya mtu wa kijiji chako ambaye kosa lake ni kuuliza maswali mkutanoni?

Tena angalia neno lenyewe. Khalifa Umar alipofungua diwani, ilikuwa ni daftari la majina ya watu, ili kila mwenye haki katika mali ya Waislamu ajulikane na apewe fungu lake. Neno hilo likafika kwetu, nao wakubwa wa miji ya Mrima wakaitwa madiwani, na leo katika Tanzania diwani ni mtu aliyechaguliwa na kata kuingia katika halmashauri. Jina la daftari limekuwa jina la mtu. Basi ni aibu iliyoje diwani akilificha daftari!

Mambo ya daftari hayaishi katika mipaka ya mashamba. Katika nchi ya mpakani, maandiko ndiyo yanayomtenga mwenyeji na mgeni. Mwaka 2013 serikali iliamrisha watu wanaokaa bila kibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita waondoke, na mwezi wa Septemba ikaanza operesheni iliyoitwa Kimbunga. Watu maelfu walitoka, wengi wao wakielekea Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo waliosema kwamba wamekaa nchini miaka makumi, na wengine kwamba walizaliwa humo humo. Hatukatai kwamba serikali ina haki ya kujua ni nani raia wake na ni nani mgeni. Lakini katika saa kama ile mtu huulizwa, Karatasi yako iko wapi? Na mtu aliyezaliwa katika nyumba ya majani, akazalishwa na nyanya yake, hana karatasi mkononi. Ushahidi wake, kama upo, umo katika daftari la wakazi wa kijiji, au katika kitabu cha zahanati, au cha shule, na vyote hivyo vimo mikononi mwa wengine.

Mwaka 2018, tarehe 22 Machi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilihukumu katika kesi ya mtu wa mkoa wa Mara aliyenyang'anywa uraia na kufukuzwa nchini. Mahakama ilisema kwamba mtu yule alikuwa ameshika hati za uraia miaka yote, basi serikali ndiyo yenye kukana, na serikali ndiyo iliyopasiwa kuleta ushahidi. Huu ni uamuzi unaokubaliana na akili iliyonyoka. Mwenye makabati yote hawezi kumwambia asiye na kabati, Thibitisha.

Na katika fedha ni vivyo hivyo. Sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za halmashauri zote kila mwaka, na ripoti yake hufikishwa Bungeni na kuchapishwa. Hayo ni mambo mema. Lakini ripoti iliyoko Dodoma haimfai sana mtu wa Murongo, ukingoni mwa mto Kagera, ikiwa ubao wa matangazo wa kijiji chake ni mtupu, na ikiwa mkutano wa kijiji haukuitishwa mwaka mzima. Redio ya jamii ya FADECO, iliyoko Karagwe, huwafikia kwa sauti watu ambao karatasi haziwafikii. Walakini redio haiwezi kusoma hesabu ambayo haikutolewa.

Msomaji atauliza, Sheria ya nchi yasemaje? Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Na mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo ni ya Tanzania Bara. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba khabari zilizoko katika ofisi za umma. Maombi huandikwa, na ofisi imepewa muda usiozidi siku thelathini kujibu. Asiyeweza kuandika huomba kwa mdomo, na ofisa ndiye aandike badala yake. Hili la mwisho lafanana na insafu iliyomo katika ile aya ya deni, ambamo mtu dhaifu asiyeweza kusema maneno ya kuandikwa husemewa na msimamizi wake kwa uadilifu. Udhaifu wa mtu hauiondoi haki yake. Huongeza wajibu wa yule mwenye nguvu.

Wako watu wasemao, Daftari likiwekwa wazi, fitina itaingia kijijini. Twawajibu: Fitina hukaa gizani. Watu wasipojua fedha za zahanati zimekwenda wapi, kila mmoja hutunga hadithi yake, na mtendaji mwaminifu huitwa mwizi pamoja na mwizi wa kweli. Daftari lililo wazi ndilo ngao ya mwaminifu. Mwenye kulichukia ni mmoja katika wawili: mwenye la kuficha, au mvivu.

Na wako wasemao, Basi kila kitu kiwe wazi, hata cha mtu binafsi. Hawa nao wamekosea kwa upande wa pili. Dini yetu imekataza upelelezi wa aibu za watu, na sheria nayo imezuia baadhi ya mambo yasitolewe, kama vile siri za ulinzi na mambo ya faragha ya mtu. Mizani yake ni nyepesi kuijua. Uliza: Jambo hili limeandikwa kwa sababu ya madaraka ya mtu juu ya wengine, au kwa sababu ya udhaifu wake mbele ya wengine? Hesabu ya mwenyekiti, kandarasi ya barabara, ugawaji wa ardhi ya kijiji, hayo ni ya madaraka, na watu wote wana haki nayo. Ugonjwa wa mtu, talaka yake, umaskini wake uliomfanya apewe msaada, hayo ni ya udhaifu. Ni ya mwenyewe, wala jirani hana njia ya kuyaingilia. La ajabu ni kwamba katika ofisi nyingi mambo huwa kinyume: maradhi ya maskini huzungumzwa sokoni, na hesabu ya mkubwa huitwa siri.

Wala tusimdhulumu mtendaji wa kijiji naye. Mara nyingi ni mtu mmoja, mwenye chumba kimoja na kabati moja, na mvua na mchwa ni washirika wake. Umma umempa amana bila ya kumpa sanduku. Akipoteza daftari kwa sababu hiyo, lawama ni ya aliyemkabidhi pia. Lakini kutokuwa na kabati si udhuru wa kudai rushwa. Ada halali ni gharama ya kunakili. Lizidilo hapo ni kumwuzia mtu ushahidi wake mwenyewe, na mwenye kuuza ushahidi ameshiriki dhulma ile aliyoizuia isijulikane.

Na mwenye haki naye ana wajibu. Haki isiyodaiwa hufa kama mmea usiotiwa maji. Mtu asiyehudhuria mkutano wa kijiji hata mmoja, kisha akalalamika barazani kwamba viongozi wamekula, huyo amelala na anataka kuamshwa na mwizi. Yampasa mtu aombe kwa adabu, aombe kwa maandishi, ataje jambo lenyewe kwa jina, na ashike nakala ya ombi lake yenye tarehe. Na anayejua kusoma amwombee asiyejua: mjane, na yatima, na mzee. Kuandika barua moja kwa ajili ya mjane ni sadaka isiyohitaji fedha.

Huenda msomaji wa Mombasa au Malindi akasema, Yote haya yanahusu watu wa bara. Na akumbuke ya mwaka 1908, serikali ya Kiingereza ilipotunga sheria ya hati za ardhi kwa pwani ya Kenya. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete madai yake mbele ya mwandikishaji, na ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikahesabiwa ni ya serikali. Waliojua kalamu na sheria wakapata hati. Na wengi wasiojua, khasa katika Wamijikenda, wakapoteza ardhi waliyoilima baba zao, na wajukuu wao wengi wakaitwa maskwota. Kalamu ile ile iliyompa mmoja ilimnyima mwingine, na tofauti yao ilikuwa ni nani aliyefikia daftari.

Tena tusianze kwa kumnyoshea kidole mtendaji wa Karagwe. Tuanze na msikiti wetu. Ni nani ashikaye daftari la wakfu, na mara ya mwisho hesabu yake ilisomwa lini baada ya sala ya Ijumaa? Nadhiri wa wakfu na mtendaji wa kijiji ni ndugu wawili: kila mmoja ameshika mali ya walio hai na ya watakaozaliwa. Tukiona uzito kumwuliza nadhiri kwa sababu ni jamaa yetu, tusimshangae Zaidi akiona uzito kumwuliza mtendaji kwa sababu ni mkubwa wake.

Muhtasari wa maneno yetu ni huu. Aliyeandika haki ya mtu akaifungia ni kama shahidi aliyeitwa akanyamaza, na Qur'ani imekwisha kutubainishia kwamba mwenye kuficha ushahidi moyo wake una dhambi. Zaidi hakutaka apewe shamba la Amri, wala hakutaka apendelewe. Alitaka ukurasa mmoja ufunuliwe mbele ya watu, usomwe kwa sauti, kisha baraza lihukumu.

Wabillahi taufiki.